Kabla ya Kwenda Tunduma Kununua Sabufa

Mahindi yakishauzwa, fedha ya msimu huwa na kazi zake zinazojulikana: ada na sare za watoto, mbolea ya mwaka ujao, bati za chumba kilichobaki wazi. Kazi hizo zikiisha na kikabaki kitu, kaya nyingi za Ndalambo na vijiji jirani vya wilaya ya Momba huona sasa ni zamu ya sebule. Televisheni ipo tayari, au itanunuliwa safari hiyohiyo. Kinachotafutwa ni sauti. Basi safari ni ya Tunduma, mji wa mpakani ambako bidhaa zilizopanda kutoka Dar es Salaam zimejaa madukani, huku malori yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Boksi la dukani lina maneno mengi: 5.1, 7.1, Dolby Audio, DTS, Atmos, wati elfu kadhaa. Muuzaji anachomeka flashi ya muziki, anapandisha besi, kioo cha dirisha kinatetemeka, na mkono wa mteja unaingia mfukoni. Siku za mwanzo nyumbani ni furaha tupu. Kisha huja maswali ambayo nimeyasikia kwa watu wengi. Mbona milipuko inatikisa nyumba lakini maneno ya wahusika hayasikiki? Mbona spika za nyuma zinatoa kilekile kinachotoka mbele? Mbona muvi nyingine zinaonyesha picha lakini sauti hakuna kabisa?

Majibu yapo, na yanaeleweka bila kuwa fundi redio. Shauri langu kwa ufupi ni hili: jina la mfumo lisikuuzie spika. Anza na kile unachotazama kila jioni, kisha ifuate sauti yake tangu kwenye flashi au king'amuzi, ipite kwenye waya, iingie kwenye amplifaya, hadi ifike chumbani. Mfumo unaokufaa ni ule unaofika mwisho wa safari hiyo ukiwa mzima. Uliokatika njiani umeulipia bure.

Namba za kwenye boksi

Tuanze na 5.1. Tano ni spika kamili: tatu za mbele, yaani kushoto, kati na kulia, na mbili za pembeni zinazokaa nyuma kidogo ya msikilizaji. Moja iliyo baada ya nukta ni njia ya besi peke yake, inayobeba sauti nzito za chini ya hezi 120: ngurumo ya radi, mlipuko, injini ya lori. 7.1 huongeza spika mbili nyuma kabisa. Ukiona namba ya tatu, kama 5.1.2, hiyo huhesabu spika za juu, zinazoleta sauti kana kwamba inatoka darini.

Kati ya zote hizo, spika ya kufikiriwa kwanza ni ya kati. Katika filamu iliyorekodiwa kwa 5.1, sehemu kubwa ya mazungumzo huwekwa humo. Wengi huichukulia kama pambo kwa sababu ni ndogo, wakaisukuma nyuma ya televisheni au chini ya kabati, halafu wakalalamika kwamba waigizaji wananong'ona.

Jambo la pili ni kwamba idadi ya spika ni kitu kimoja na idadi ya njia za sauti ni kitu kingine. Njia ni sauti iliyorekodiwa peke yake tangu studio. Spika ni mdomo tu wa kuitolea. Chombo chenye spika tano kinacholishwa njia mbili hutoa njia mbili zilizonakiliwa mara kadhaa. Sebule itajaa sauti, lakini helikopta haitapita kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu habari ya kupita kwake haimo ndani ya kinacholetwa.

Kutoka mono hadi Atmos

Kila hatua ya historia ya sauti ya sinema bado inaishi kwenye sebule zetu, ndiyo maana inafaa kuzijua. Ya kwanza ni mono, njia moja kwa kila kitu. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi EMI, aliomba hataza ya kurekodi kwa njia mbili, kushoto na kulia: ndiyo stereo. Mwaka 1940 Walt Disney alipotoa Fantasia, baadhi ya majumba ya sinema ya Marekani yalifungiwa mitambo maalumu ili sauti izunguke ukumbi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno na mpango ule haukuenea.

Aliyeifanya sauti hiyo ya kuzunguka, yaani sauraundi, ienee ni Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilibuni namna ya kukunja njia nne, yaani kushoto, kati, kulia na nyuma, ndani ya njia mbili za filamu. Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyowafanya wenye majumba ya sinema waukimbilie mfumo huo. Majumbani uliingia mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround, ukaboreshwa kuwa Pro Logic mwaka 1987 na Pro Logic II mwaka 2000. Likumbuke jina hilo la Pro Logic II. Nitaeleza mbele kwa nini chombo chenye mfumo huo kinaweza kukufaa kuliko chenye jina jipya.

Mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, ilikuja Dolby Digital: njia sita zilizotengana kabisa, kila moja na sauti yake. Mwaka uliofuata DTS iliingia na Jurassic Park. Hizi mbili ndizo zilizojaa kwenye DVD, na bado ndizo zinazopatikana kwenye mafaili mengi ya muvi. Mwaka 2012, kwa filamu ya Brave, ilitoka Dolby Atmos. Humu sauti haikabidhiwi spika fulani tu. Mlio wa ndege, kwa mfano, huandikiwa mahali pake hewani, na chombo chenyewe hukokotoa ni spika zipi ziutoe. Atmos iliingia majumbani mwaka 2014, na mwenzake DTS:X akafuata mwaka 2015.

Sembe na dona

Faili la sauti lisilopunguzwa ni kubwa mno, hivyo mifumo mingi hupunguza kile ambacho sikio halikigundui kwa urahisi. Hapa mkulima wa mahindi hahitaji maelezo marefu: Dolby Digital na DTS ya kawaida ni sembe, nafaka iliyokobolewa; Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio ni dona, ambamo hakuna kilichoondolewa.

Tuone uzito wake kwa muvi ya saa 2. Stereo ya AAC ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ndiyo hali ya muvi nyingi za kwenye simu, huchukua takriban MB 115. Dolby Digital ya DVD yenye njia sita kwa kilobiti 448 huchukua kama MB 403. DTS kwa kiwango chake kamili cha kilobiti 1,509 hufika GB 1.36. Sauti ya dona ya Blu-ray mara nyingi hupita GB 3, na hapo picha haijahesabiwa. Anayekurushia muvi kumi kwenye flashi ya GB 32 hana nafasi ya dona, na simlaumu.

Je, sikio litajua tofauti? Kati ya Dolby Digital na DTS za filamu ileile, kwa spika za sebuleni, tofauti ni ndogo kuliko ile utakayoipata kwa kusogeza spika nusu mita. Namna studio ilivyoichanganya filamu ina uzito zaidi kuliko jina la mfumo. Kwa hiyo usiongeze hata shilingi elfu kumi kwa sababu boksi moja limeandikwa DTS na jingine halikuandikwa.

Kuna tofauti moja ya kweli, nayo ni ya kusomeka. Dolby Digital husomwa na karibu kila televisheni na deki. DTS haisomwi na zote. Samsung, kwa mfano, iliiondoa kwenye televisheni zake kuanzia matoleo ya 2018. Hilo ndilo jibu la lile swali la muvi yenye picha bila sauti: faili lina DTS na televisheni yako haiijui. Unapokwenda kurushiwa muvi, omba nakala yenye AAC au Dolby, ambayo kwenye jina la faili huandikwa AC3 au DD5.1, utaondokana na usumbufu huo.

Unatazama nini kwa kweli?

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Andika kwenye karatasi vitu ambavyo familia yako ilitazama wiki iliyopita, kisha vipange kwa makundi haya.

Kundi la kwanza ni muvi zilizotafsiriwa. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu wa Dar es Salaam, sauti ya mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu ya Kichina, Kihindi au Kimarekani imekuwa ndiyo sinema yenyewe kwa mamilioni ya watu. Uganda nako wanao watafsiri wao, ma-VJ, kwa Kiganda. Kazi hii ni ya thamani. Bibi ambaye Kiingereza hakijui, pengine hata Kiswahili alikianza baada ya Kinyamwanga, hufuata kisa tangu mwanzo hadi mwisho na kukisimulia kesho yake. Lakini kiufundi, mtafsiri huwekewa sauti yake juu ya ile ya filamu na yote hutoka kwa njia mbili, mara nyingine moja. Hata kama filamu ya asili ilikuwa na Atmos, nakala iliyotafsiriwa ni stereo. Hakuna chombo duniani kitakachozirudisha njia zilizopotea.

Kama kundi hili ndilo kubwa kwako, nunua kwa ajili ya sauti ya mtafsiri: spika mbili nzuri za mbele na sabufa ya kiasi. Na hapa ndipo Pro Logic II inapoingia. Mtafsiri kwa kawaida yuko sawasawa kushoto na kulia, na mfumo huu hufanya kazi kwa kutambua kilicho sawa pande zote mbili na kukipeleka kwenye spika ya kati. Amplifaya ya sauraundi iliyotumika, ya miaka ya 2000, yenye alama ya Pro Logic II na spika ya kati iliyo nzima, itamtoa mtafsiri kwenye kelele za bunduki vizuri kuliko chombo kipya chenye Atmos ya jina. Amplifaya mpya zaidi zina kazi kama hiyo kwa majina ya Dolby Surround (jina lile la zamani lililotumiwa upya) au DTS Neural:X.

Kundi la pili ni king'amuzi: taarifa ya habari, tamthilia, mechi za Simba na Yanga. Mengi ya matangazo haya hutufikia kwa stereo. Baadhi ya chaneli za HD za filamu na michezo kwenye DStv hurushwa kwa Dolby Digital, lakini king'amuzi hutoa njia zote sita pale tu kinapounganishwa kwa HDMI au waya wa mwanga na menyu yake ikawekwa hivyo.

Kundi la tatu ni DVD. Wengi wamezitupa deki zao, nami nawasihi waliobaki nazo wasizitupe. DVD ya asili ya filamu kubwa huwa na Dolby Digital 5.1 kamili. Deki nyingi za zamani zina matundu sita ya sauti nyuma, yaani zenyewe hufumbua Dolby na kutoa njia sita kwa waya za kawaida. Sabufa nyingi za 5.1 nazo zina matundu sita ya kupokea. Unganisha tundu kwa tundu, ingia kwenye menyu ya sauti ya deki, chagua 5.1 badala ya stereo, na utapata sauraundi ya kweli kwa gharama ya waya tatu za pini mbilimbili. Kwa bei hiyo sijaona kinachoizidi.

Kundi la nne ni intaneti. YouTube inayorushwa kutoka kwenye simu kwa kawaida ni stereo. Netflix hutoa filamu nyingi kwa Dolby Digital Plus ya 5.1, na nyingine kwa Atmos, lakini Atmos hutaka kifurushi chao cha juu kabisa pamoja na televisheni inayoitambua. Tena picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja. Anayeishi kwa bando la wiki aifanye hesabu hiyo kabla ya kuifanya Atmos kuwa sababu ya kununua.

Waya unaobeba na waya unaopoteza

Waya wa pini nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu. Bluetooth ya sabufa hubeba njia mbili tu. Tundu la hedifoni vilevile. Ukiunganisha sabufa ya 5.1 kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, umekwishaigeuza kuwa stereo, hata kama filamu ina njia sita.

Waya wa mwanga, ule wenye ncha inayong'aa nyekundu ukiuwasha, hubeba Dolby Digital na DTS za 5.1. Haubebi Dolby Digital Plus wala mifumo ya dona. Kwa hiyo Atmos ya Netflix haipiti humo. Televisheni itaishusha kuwa 5.1 ya kawaida, ambayo bado ni nzuri sana.

HDMI ndiyo njia pana. Tazama nyuma ya televisheni kama tundu mojawapo limeandikwa ARC. Tundu hilo hurudisha sauti kutoka televisheni kwenda kwenye amplifaya kwa waya uleule, na hubeba Dolby Digital. Nyingi hubeba pia Dolby Digital Plus pamoja na Atmos iliyomo ndani yake. Ikiandikwa eARC, hata dona inapita. Baada ya kuunganisha, fungua menyu ya sauti ya televisheni: kama imewekwa PCM, mara nyingi itatoa stereo tu. Ipeleke kwenye Auto, Bitstream au Pass Through, kwa jina lolote watengenezaji walilolitumia.

Kabla ya safari ya Tunduma, piga picha sehemu ya nyuma ya televisheni na ya king'amuzi kwa simu yako. Picha hizo zitakusaidia dukani kuliko maelezo ya mdomo.

Nyumba ya bati na ahadi ya Atmos

Soundbar, yaani spika moja ndefu ya kukaa chini ya televisheni, nyingi za Atmos hazina spika za darini. Zina spika zinazotazama juu, zinazorusha sauti igonge dari na kumrudia msikilizaji. Ufundi huo hutaka dari tambarare, gumu kiasi, lenye urefu wa kati ya mita 2.4 na 3.6 hivi. Sebule nyingi za kwetu hazina dari. Juu ni mbao na bati lililolala kwa mteremko. Sauti ikirushwa pale hutawanyika kwenye kenchi, na kinachorudi hakimfikii aliyekaa kwenye kochi. Soundbar nyingine zenye maandishi ya Atmos hazina hata hizo spika za juu. Huigiza tu kwa hesabu za kompyuta.

Kwa nyumba isiyo na dari, ushauri wangu hauna utata: Atmos iwekwe kando. Fedha hiyo ikinunua mbao na ubao wa dari, utapunguza mvumo wa chumba, joto la mchana na kishindo cha mvua ya masika, ambayo ikinyesha juu ya bati tupu hakuna mfumo wa sauti unaoshindana nayo. Dari likishakuwepo, Atmos inaweza kufikiriwa.

Ukuta wa tofali na sakafu ya saruji nazo hurudisha sauti nyingi, na maneno hupoteza ncha zake. Mkeka mpana au zulia mbele ya televisheni, pazia zito dirishani, makochi ya vitambaa na kabati la vitabu ukutani husaidia kwa gharama ndogo.

Kisha panga spika. Spika ya kati ikae katikati chini au juu ya televisheni, ikitazama masikio. Za kushoto na kulia ziwe mbali kiasi kwamba umbali kati yake ulingane na umbali kutoka kila moja hadi kochi; mita 2.5 kwa kila upande ni mwanzo mzuri. Za nyuma zikae pembeni, nyuma kidogo ya mabega, juu ya usawa wa kichwa cha aliyekaa. Zikitundikwa kwenye kona za mbali nyuma ya familia, kazi yake hupungua. Sabufa yenyewe, yaani boksi la besi, isisukumwe kwenye kona kwa mazoea, kwa sababu kona huikuza besi hadi ikafunika maneno. Iweke kwa muda pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi, kisha uzunguke chumba ukiwa umeinama. Mahali besi inaposikika safi ndipo pa kuiweka.

Wenye mabanda ya video wazingatie hili zaidi. Sauraundi humfaidisha aliyekaa katikati ya duara. Kwenye banda lenye mabenchi kumi, wa pembeni husikia spika moja ya nyuma ikimpigia sikioni na mtafsiri hasikiki. Spika tatu imara za mbele, zilizoinuliwa juu ya vichwa, zitamhudumia kila aliyelipa kiingilio.

Umeme wa gridi na umeme wa jua

Namba ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni PMPO, kipimo cha kufikirika kisichokuambia kitu. Tafuta neno RMS, au geuza chombo usome kibati cha nyuma kinachotaja umeme kinaotumia. Kikitaja wati 60, basi hata boksi likiandika 5,000, spika zake haziwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo 60 zinazoingia.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni hii. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ili idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Televisheni ya wati 40 na sabufa ya wati 40, ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, zitakupa saa 6 hivi. Ukiweka amplifaya ya sauraundi inayokula wati 80, zinabaki kama saa 4. Sabufa yenye tundu la volti 12 moja kwa moja huondoa upotevu wa inveta. Kama lazima utumie inveta, chagua inayotoa wimbi safi. Zile za bei ya chini huleta mvumo usioisha kwenye spika.

Wa gridi nao wanunue kilinda umeme, na wakati wa radi wachomoe plagi pamoja na waya wa antena au wa dishi, kwa sababu radi hupita huko pia.

Dukani

Nenda na flashi yako yenye vitu vitatu: muvi iliyotafsiriwa, muvi yenye Dolby 5.1, na faili la majaribio linalotaja spika moja baada ya nyingine. Mwombe muuzaji aunganishe chombo kwa waya uleule utakaoutumia nyumbani.

Cheza kwanza ile iliyotafsiriwa kwa sauti ya kawaida ya jioni, besi ikiwa katikati. Kama hapo dukani unamkosa mtafsiri kila bunduki inapolia, nyumbani hali haitabadilika. Kisha cheza ile ya Dolby kwenye sehemu ambayo watu wawili wanaongea chumbani, usogeze sikio kwenye spika ya nyuma. Katika sauraundi ya kweli, pale nyuma maneno hayapo au ni hafifu sana. Ukiyasikia wazi kama mbele, chombo kinanakili stereo, na bei yake iwe ya stereo. Mwisho cheza faili la majaribio. Kila spika ijibu kwa zamu yake.

Ukishafika nyumbani, kama milipuko bado inazidi maneno, tafuta kwenye menyu kipengele cha Night au DRC. Mfumo wa Dolby umewekewa uwezo wa kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na ukiuwasha usiku, watoto watalala na wewe utasikia kila neno.

Mpangilio wa fedha

Kama fedha ni ya chombo kimoja tu, chukua sabufa nzuri ya 2.1 yenye spika mbili unazoweza kuzitenganisha, na uachane na spika tano dhaifu. Kama inatosha zaidi na unayo deki, chukua ya 5.1 yenye matundu sita nyuma. Kama inatosha zaidi ya hapo, amplifaya ya sauraundi yenye HDMI ARC, Dolby Digital na Pro Logic II au mrithi wake, ukianza na spika tatu za mbele na kuongeza za nyuma msimu unaofuata. Baada ya hapo dari, na baada ya dari ndipo Atmos.

Mpangilio huu umewekwa kwa kufuata kitu kimoja: neno linalosemwa lifike. Sinema kwetu hutazamwa na watu wengi pamoja, baba na mama kwenye kochi, watoto mkekani, jirani mlangoni, na bibi kwenye kiti cha nyuma karibu na ukuta. Kabla ya kulipa jiulize kama yeye, kutoka kiti chake, atamsikia mtafsiri bila kuuliza amesema nini. Chombo kinachokupa jibu la ndiyo ndicho cha kubeba kurudi nacho Ndalambo, hata kama boksi la jirani yake lina majina mengi zaidi.